Tairi linasugua mshono wa bodi: nikate, nikunje au niache?

Swali: "Habari mtaalamu. Nina pikapu ya 4x4 iliyokuja na matairi ya 265/65R17. Nimeinyanyua milimita 50, nikafunga matairi ya 285/70R17 na spesa za milimita 30 ili yakae nje vizuri. Sasa nikikata usukani hadi mwisho, tairi la mbele linasugua ule mshono wa bati ulio nyuma yake, karibu na miguu ya dereva. Inazidi nikiwa na mzigo au nikishika breki kwenye kona. Fundi mmoja anasema tuukate kwa grenda na kupaka silikoni, kazi ya dakika 20. Mwingine anasema auponde kwa nyundo ulale. Rafiki yangu anasema ule mshono hauna kazi, ni mabaki ya kiwandani. Nani yuko sahihi? Kutu haitaingia? Na tairi ambalo limeshachubuka begani bado ni salama?"

Ndugu yangu, kabla grenda haijawashwa, jibu fupi ni hili: fundi wa nyundo yuko karibu na ukweli kuliko wa grenda, rafiki yako amekosea, na huenda usihitaji nyundo wala grenda, kwa sababu sehemu kubwa ya kinacholipeleka tairi kwenye mshono umekifunga wewe mwenyewe. Ukishaelewa tairi linavyofika pale, uamuzi hautakusumbua.

Tuanze na mshono. Bodi ya gari ni mabati mengi yaliyokunjwa kwa mashine. Pale mabati mawili au matatu yanapokutana, kingo zake hulazwa pamoja, ncha mbili za shaba zikaziminya na umeme mkali ukapita katikati. Bati huyeyuka mahali padogo na kuacha doti ya duara yenye upana wa milimita 5 hivi. Baada ya sentimita chache huwekwa doti nyingine, na nyingine, hadi mwisho wa ukingo. Ule ukingo unaochomoza, ambao kwenye magari mengi una upana wa milimita 15 hadi 20, umeachwa ili mashine ipate pa kuminya. Hapo rafiki yako ana nusu ya ukweli: umbo lake limetokana na kiwanda. Nusu aliyoisahau ni kwamba doti zote ziko ndani ya ukingo huo. Zenyewe ndizo zinazoushika ukuta wa miguu, sakafu na nguzo ya mbele ya mlango visiachane. Ukipitisha grenda ndani ya mstari wa doti, umefumua uzi wa pindo: nguo bado inaonekana nzima, lakini hakuna kinachoishika.

Na mahali penyewe si pa kufanyia majaribio. Mwaka 2012 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayopima usalama wa magari, ilianzisha jaribio ambalo gari hugonga kizuizi kwa asilimia 25 tu ya upana wake wa mbele, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Ajali ya namna hiyo huikwepa mihimili mikuu ya mbele, iliyotengenezwa kumeza nguvu. Gurudumu husukumwa nyuma hadi kwenye ukuta wa miguu na kizingiti cha mlango, yaani palepale tairi lako linaposugua sasa. Ukuta ule ndio unaobaki kati ya gurudumu na kifundo chako cha mguu. Sisemi kwamba kugusa mshono kidogo kunaligeuza gari kuwa jeneza. Nasema kila milimita utakayoondoa pale iwe na sababu iliyopimwa.

Sasa tupime. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na la 285/70R17 milimita 831. Tofauti ni milimita 55, kwa hiyo ukiwa umenyoosha usukani, uso wa tairi umesogea nyuma karibu milimita 27. Hiyo ndiyo bei ya tairi kubwa na huwezi kuikwepa. (Ujue pia kwamba spidomita isiporekebishwa, inaposema 100 wewe unakimbia karibu 107.)

Kisha zije spesa, yaani yale mabamba yanayofungwa kati ya rimu na kitovu cha gurudumu. Watu wengi huamini kwamba kulitoa tairi nje kunaliepusha na bodi. Linaepuka vitu vya ndani, kama chesisi na mikono ya sasipenshoni, lakini mshono wa nyuma linausogelea. Gurudumu la mbele halizunguki kwenye kitovu chake linapokata kona. Linazunguka kwenye mhimili unaopita katika viungo vya juu na chini vya sasipenshoni, na mhimili huo uko upande wa ndani. Kadiri unavyolisogeza tairi mbali na mhimili huo, ndivyo linavyochora duara pana zaidi. Ukikata kushoto, tairi la kushoto halizunguki tu, linarudi nyuma pia. Kwa spesa ya milimita 30 na gurudumu lililogeuka nyuzi 35, kurudi huko ni kama milimita 17, na bega la nje la tairi ndilo linalotangulia kufika kwenye bati. Milimita 17! Hicho ni karibu kila kitu ambacho kuuponda mshono kungekupa. Mafundi wako wawili wanashindana kukurudishia nafasi ambayo spesa imeichukua.

Kunyanyua gari nako kumeeleweka vibaya. Springi ndefu hubadilisha mahali gurudumu linapopumzika gari likiwa limesimama. Mpira wa kikomo, ule unaolizuia gurudumu kupanda zaidi, haujahama. Ukiingia shimoni na mzigo nyuma, gurudumu hupanda hadi palepale lilipokuwa likifika zamani, ila safari hii limebeba tairi kubwa zaidi. Tena, kunyanyua kwa kawaida hupunguza kasta, yaani ule mlalo wa mhimili wa kugeukia kuelekea nyuma, na fundi wa alaimenti asipoirudisha, gari hutangatanga barabarani. Gari likiwa na bolti za kurekebishia mikono ya chini, kuirudisha kasta kwa kuisukuma mikono hiyo mbele kunakupa zawadi: gurudumu zima linasogea mbele milimita kadhaa, mbali na mshono.

Umesema pia kwamba inazidi ukishika breki kwenye kona. Hilo nililisoma mara mbili. Unapofunga breki, barabara hulivuta tairi nyuma, na kinacholizuia lisirudi ni bushi za mikono ya chini, yaani mipira iliyo kwenye maungio yake. Bushi nzima huachia kidogo. Zilizochoka au kupasuka huachia kiasi ambacho utakiona kwa macho mtu akishika breki wakati gari linatambaa. Zikaguliwe kabla ya jambo lolote. Inasikitisha kuona mtu akikata bodi kwa ajili ya mpira uliochakaa, halafu baada ya miezi michache tairi likarudi kusugua bati lilelile, kwa sababu mpira nao umeendelea kuchakaa.

Kwa hiyo mpango wako uwe hivi. Osha uvungu wa tairi na ufungue plastiki ya ndani pamoja na kipande cha kuzuia matope, maana mara nyingine hivyo ndivyo vinavyosugua, na bati linasingiziwa. Paka chaki nzito kwenye mshono na kwenye kingo zote za karibu. Kata usukani hadi mwisho kushoto, tembea mbele na nyuma polepole, shika breki, kisha urudie kulia. Halafu weka mzigo wako wa kawaida na upandishe gurudumu moja la mbele juu ya tuta imara huku umekata kona. Chaki itakuonyesha tairi linapofika, na kina cha mkwaruzo kitakuonyesha linazidi kwa kiasi gani. Fanya hivyo ukiwa na spesa, kisha uzitoe na urudie. Unapozitoa angalia upande wa ndani pia, kwa sababu tairi lako jipya ni pana kwa milimita 20 na nusu yake imeingia ndani. Kama linagusa mkono wa juu wa sasipenshoni, spesa nyembamba, au rimu yenye ofseti ya kati (yaani isiyolitoa tairi nje sana wala kuliingiza ndani sana), itatosha. Usingoje kusikia mlio wa kugusa ndipo ujue nafasi haitoshi. Tairi hunepa, bushi huachia, tope hujaa. Mimi huwa natulia nikiona upana wa kidole gumba umebaki katika hali mbaya kuliko zote.

Nionavyo, wewe uko kwenye kundi linalopona bila kukunja chochote: bushi nzima, alaimenti yenye kasta iliyorudishwa, spesa zitoke au zipungue. Kikibaki kidogo, kuna njia nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni kuongeza washa (kile kipete bapa cha chuma) kwenye kikomo cha usukani ili gurudumu lisigeuke hadi mwisho kabisa. Utahitaji nafasi pana kidogo ya kugeuzia gari, na kwa watu wengi hilo ni dogo likilinganishwa na kuharibu bodi.

Ikiwa baada ya hayo yote tairi bado linagusa, kunja. Kuulaza mshono kwa nyundo kunaziacha doti zote mahali pake na bati lote kwenye gari. Lakini kuna kukunja na kuna kuponda. Kwanza fundi ajue kilicho upande wa pili: nyaya, zulia, sponji ya kuzuia kelele, wakati mwingine kompyuta ya mifuko ya hewa au mpira wa breki. Akwangue gundi ya kiwandani ili aone doti ziko wapi. Atumie nyundo nzito na kipande cha chuma au mbao ngumu, apite urefu wote wa mshono kwa mapigo mepesi, kisha arudie tena na tena, mshono ulale taratibu kwa urefu wote badala ya kubonyea mahali pamoja. Pale mshono unapopinda, bati halitakubali kulala bila kujikusanya. Hapo anaweza kuchanja mikato midogo kutoka ukingoni, ikomee kabla ya mstari wa doti.

Asitumie moto. Hili nalisisitiza kwa sababu gesi ya kuchomea ndiyo inayokimbiliwa bati likikaidi. Magari ya kisasa yana chuma cha nguvu tofauti tofauti, na nguzo za mlango na vizingiti mara nyingi ni chuma kigumu sana, kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani kikafika nguvu ya megapaskali 1,500 hivi. Ukikipasha tena, ugumu ule unaondoka na haurudi. Ukikilazimisha kukunjika kikiwa baridi, hupasuka ukingoni. Kwa hiyo bati likikataa nyundo, au ukiona ufa hata wa unywele, kazi isimame hapo. Bati linakuambia si la aina ya kukunjwa.

Kukata kuna nafasi yake, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachoweza kuondolewa bila kugusa muundo ni ukingo ulio nje ya doti, na kwa kawaida hiyo ni milimita 4 hadi 6 tu, kwa faili au grenda yenye diski nyembamba, kwa upole. Zaidi ya hapo si kupunguza tena, ni kuijenga upya sehemu ya bodi: mabati yakatwe, yasogezwe, yachomelewe upya kwa mashine ya gesi kinga, kwa vipande vifupi vinavyorukana ili joto lisikusanyike, betri ikiwa imetolewa na zulia la ndani limefunuliwa lisishike moto. Inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri sana. Lakini anayeahidi kuimaliza kwa dakika 20 na silikoni hajakuambia atafanya hivyo. Amekuambia atakata na kuziba.

Tofautisha pia mshono na kile kikono cha chuma kilichochomoza kutoka kwenye chesisi kubeba kona ya kabini, yaani chumba cha dereva. Kiko jirani, na matairi makubwa hukifikia pia. Kile kinabeba uzito wa kabini. Kukipunguza ni kazi ya mchomeleaji mwenye ujuzi, na lazima kifungwe kwa bamba jipya. Na kama msomaji mwingine ana gari lisilo na chesisi ya kujitegemea, ambalo bodi yenyewe ndiyo chesisi, onyo langu kwake ni kali zaidi: hapo kila mshono unabeba, na mimi singekata hata ukingo bila mwongozo wa mtengenezaji wa gari. Mshono wa chini ya kizingiti, unapowekwa jeki, usiguswe kwenye gari lolote. Mdomo wa fenda ya nyuma ni habari nyingine. Huo hukunjwa kwa rola, rangi ikipashwa kwa hewa ya moto isipasuke, na ukilindwa dhidi ya kutu hauna shida kubwa.

Sasa kutu, ambayo kwa kweli ndiyo huua kazi nyingi za namna hii, hata zile ambazo fundi hakukosea lingine. Mabati mawili yaliyolala pamoja yana mwanya mwembamba kati yake, na mwanya kama huo huvuta maji na kuyashika. Kiwandani unazibwa kwa gundi maalumu, na bati lenyewe mara nyingi limepakwa zinki. Nyundo huipasua gundi hiyo hata kama rangi inaonekana nzima. Grenda huondoa zinki na kuacha ukingo mtupu. Cheche zake nazo hujichoma kwenye rangi na vioo vya jirani, na baada ya siku chache utaona vidoti vya kahawia. Funika kila kitu.

Silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki, usiikubali. Harufu ile ni asidi inayotoka inapokauka, nayo hula chuma. Isitoshe, rangi haishiki juu ya silikoni. Mpangilio sahihi ni kusafisha hadi bati jeupe, kuondoa mafuta, kupaka praima ya epoksi na kuiacha ikauke kama kopo linavyoelekeza, kisha gundi ya kuzibia mishono ya magari ya poliyurethani, ijaze mfuko wote ulioundwa nyuma ya mkunjo, halafu rangi, na mwisho kinga ya chini ya gari. Upande wa ndani, kama kuna uwazi uliofungwa, nyunyiza nta ya kuzuia kutu. Vitundu vya kutolea maji viachwe wazi. Nimetaja hili mwishoni, lakini kitundu kilichozibwa kwa gundi kinaweza kuozesha kizingiti kizima gari likiwa bado linang'aa nje. Rudi uangalie baada ya msimu mmoja wa mvua: zulia la miguu likiwa na unyevu, gundi haikushika.

Kuna hali ambazo hazifai kuamuliwa kwa kusoma, gari lazima lionwe na fundi wa bodi ana kwa ana. Gari lililowahi kupata ajali upande huo ni mojawapo, kwa sababu doti zinaweza kuwa zimeshatengenezwa upya na hujui vipi. Bati lililofura au kutoa unga wa kutu kwenye mshono ni jingine: huo hauna nguvu ya kukunjwa. Mlango ukianza kufunga kwa shida baada ya kazi, mwanya wake ukabadilika, au taa ya mifuko ya hewa ikawaka, usisubiri. Muulize fundi utakayemchagua swali moja: "Doti ziko wapi, na utaishia wapi?" Akikuonyesha kwa kidole, una mtu wa kuzungumza naye. Waulize pia watu wa bima na wa ukaguzi wa magari mahali ulipo, kwani matairi, spesa na mabadiliko ya bodi yana sheria zake kila nchi, na ni afadhali kuzijua kabla ya ajali.

Limebaki tairi lako lililochubuka. Ukingo wa mshono ni mkali na husaga bega la tairi kila kona. Lijaze upepo, lizungushe likiwa limenyanyuliwa, na ulikague pande zote kwa taa. Mchubuko wa juu juu kwenye vitalu vya mpira unaweza kuvumilika ukishaondoa kinachosugua. Ukiona nyuzi za ndani, mkato uliofunguka unapoubonyeza, au uvimbe popote ubavuni, tairi hilo lisirudi barabarani, hata kama mpira wake bado ni mpya, kwa maana bega na ubavu havizibiki kwa usalama. Kagua na lile la upande wa pili, usione moja ukadhani mwenzake yuko salama. Usifunge tairi jipya pale kabla chaki haijatoka safi.